Uoanishaji wa Anwani na Mikondo katika Mitambo ya Mawasiliano: Dhana na Istilahi kwa Mfano wa Hagadera

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza dhana moja ya ufundi wa mawasiliano ambayo humfikia mwanafunzi wa Kiswahili ikiwa imekwisha kupotoshwa na jina lake. Dhana yenyewe ni ile ya kuijulisha mashine ielekezayo ujumbe, ambayo mafundi huiita ruta, kwamba anwani fulani iliyo mbali hufikiwa kwa kupitia mkondo fulani ulio karibu. Kwa Kiingereza kazi hiyo hupewa jina ambalo maana yake ya kwanza ni kuchora ramani. Mfasiri afuataye kamusi bila ya kuifahamu kazi yenyewe ataandika 'kuweka ramani ya anwani', na mwanafunzi atatafuta mchoro usiokuwapo. Hapana mchoro wowote katika kazi hiyo. Kilichopo ni jedwali lenye safu mbili, na kila mstari wa jedwali hilo huunganisha kitu kimoja na mwenziwe.

Mfano uliochaguliwa kuifafanua dhana hiyo ni Hagadera, katika wilaya ndogo ya Fafi, Kaunti ya Garissa, Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Haukuchaguliwa kwa sababu mitambo ya aina itakayoelezwa hapa iliwahi kutumika huko. Umechaguliwa kwa sababu watu wa Hagadera wamelazimika kwa zaidi ya miaka 30 kuifanya kazi hiyo hiyo kwa midomo yao, kwa redio, na baadaye kwa simu za mkononi: kumpata mtu aliye mbali kwa kujua njia ipi iliyo karibu ndiyo imfikiayo. Lugha waliyoitumia katika kazi hiyo ina mengi ya kumfunza mwundaji wa istilahi.

2. Hagadera na anwani zake

Dola ya Somalia ilianguka mwezi wa Januari 1991, na watu wengi wakavuka mpaka kuingia Kenya. Karibu na mji mdogo wa Dadaab, yapata kilometa 100 kutoka mji wa Garissa ulioko kando ya Mto Tana, zikafunguliwa kambi tatu katika miaka ya 1991 na 1992: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuchukua watu 90,000 kwa jumla. Wakati wa njaa ya mwaka 2011 idadi ya wakimbizi katika eneo zima la Dadaab, pamoja na kambi mpya zilizoongezwa, ilizidi 400,000.

Jina lenyewe la mahali hapo ni funzo la kwanza. Katika maandishi ya Kisomali, ambayo yalifanywa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, huandikwa Xagardheer. Xagar ni jina la mmea wa nyika, na dheer ni 'refu'. Herufi x katika maandishi hayo huwakilisha ile h nzito ya kooni ambayo Waarabu huiandika kwa ha, na dh huwakilisha d ya ulimi uliopindwa, sauti isiyo sawa na dh ya Kiswahili katika neno dhahabu. Makarani wa Kenya waliandika Hagadera. Basi mahali ni pamoja, lakini majina ni mawili, na mtu anayeyatafuta katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti atalikuta moja mwanzoni na jingine mwishoni.

Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya watu. Maxamed wa Kisomali ndiye Mohamed wa karani na Muhammad wa msomi wa Kiarabu. Cabdi ni Abdi, kwa kuwa herufi c ya Kisomali ni ayn ya Kiarabu. Mtu mmoja aweza kuwa na hati tatu zenye tahajia tatu. Asiyejua kwamba tahajia hizo tatu ni za mtu mmoja humhesabu mara tatu, au hamwoni kabisa.

Ndani ya kambi, makazi yamegawanywa katika vitalu, ambavyo wenyeji huviita bloki, na kila kitalu hutambulishwa kwa herufi na tarakimu. Alama hizo hutosha kwa mtu aliyeko Hagadera. Ila hazitoshi kwa mtu aliyeko Nairobi au Kismayu, kwa sababu alama za namna hiyo hiyo hutumika pia katika kambi nyingine. 'Kitalu A3' ni anwani kamili kwa yule aliye ndani ya kambi, na kwa yule aliye nje ni nusu ya anwani. Jambo hili yafaa likumbukwe, maana ndilo jambo ambalo wanafunzi wa ruta hulikosa kuliko yote.

3. Kazi ya taar

Katika miaka ya 1990, kabla ya simu za mkononi kufika, wakazi wa kambi za Dadaab waliwasiliana na jamaa zao kwa redio za masafa marefu. Redio hizo ziliitwa taar. Neno hilo la Kisomali lilitoka katika lugha za Kihindi, ambamo tar ni uzi wa madini, kisha likawa jina la habari ipelekwayo kwa uzi huo. Neno la Kiswahili simu lina historia iliyo sambamba nalo, kwani sim kwa Kiajemi nayo ni uzi wa madini. Lugha zote mbili zilichukua jina la uzi na kuliacha liendelee kutumika hata uzi wenyewe ulipotoweka. Waswahili wa zamani waliitambua kasoro hiyo wakaongeza kivumishi: walisema simu ya upepo.

Kazi ya mwendeshaji wa taar ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza alipokea mwito kutoka mji mwingine: jina la mtu atafutwaye, jina la baba na la babu, ukoo, na mahali anapodhaniwa kuishi. Pili alituma mjumbe kwenye kitalu kinachohusika, na mhusika akija hupangiwa wakati wa kuzungumza. Habari zilizopita humo zilikuwa za vifo na uzazi, za ndoa, za vita, na za fedha zilizotumwa kwa njia ya xawilaad, yaani hawala.

Mwendeshaji huyo alikuwa na jedwali kichwani mwake. Mtu aliyeko Kismayu hakumfikia moja kwa moja. Alifikiwa kwa masafa fulani ya redio, kwa saa fulani, kupitia kwa mwendeshaji fulani wa huko. Alipoombwa kumtafuta mtu wa Kismayu, hakuulizwa ramani ya Kismayu, wala hakuihitaji. Alichohitaji kujua ni jambo moja: mtu huyu hupatikana kwa njia ipi kati ya hizi zilizopo mbele yangu? Swali hilo ndilo ambalo ruta hujiuliza kila ipokeapo kifurushi cha habari.

4. Upokezanaji wa fremu

Mfumo ujulikanao kwa jina la fremu-rilei ulipendekezwa katika kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu mwaka 1984, na ukaanza kuenea baada ya mwaka 1990, ambapo makampuni manne, Cisco, Digital Equipment, Northern Telecom na StrataCom, yaliungana kuuendeleza. Ulikuwa mfumo wa kuunganisha ofisi zilizo mbalimbali bila ya kila ofisi kulipia waya wake binafsi kwenda kwa kila ofisi nyingine. Ofisi hulipia waya mmoja tu mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na ndani ya mitambo hiyo hutengenezewa mikondo kadhaa ya kudumu, kila mkondo ukielekea ofisi moja. Mfumo huo umekwisha kuachwa karibu kila mahali, na nafasi yake imechukuliwa na mifumo mingine. Hata hivyo bado hufundishwa, kwa sababu unaonyesha kwa uwazi kazi ambayo mifumo iliyoufuata huificha ndani.

Kila mkondo hupewa namba, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake DLCI. Namba hiyo ina biti 10, yaani huwezekana kuhesabu kutoka 0 hadi 1023, ijapokuwa baadhi ya namba za mwanzo na za mwisho zimetengwa kwa kazi za mitambo yenyewe. Jambo kubwa la kushika ni kwamba namba hii ina maana mahali ilipo tu. Namba 102 katika waya wa Nairobi na namba 102 katika waya wa Garissa si lazima zihusiane kwa lolote. Hata mkondo mmoja huweza kuitwa 103 upande mmoja na 301 upande wa pili. Ni kama kitalu A3: alama ni kamili kwa aliye ndani, na haina maana kwa aliye nje.

Kinyume chake ni anwani ya mtandao, ile iandikwayo kwa makundi manne ya tarakimu yaliyotengwa kwa nukta. Hiyo ndiyo jina la mashine mahali popote itajwapo ndani ya mtandao wake. Basi ruta inayo majina ya aina mbili: jina la mwenziwe lijulikanalo na wote, na namba ya mkondo ijulikanayo hapo hapo tu. Ujumbe hufika ukiwa na jina la aina ya kwanza, lakini hauwezi kutoka mlangoni mpaka ubandikwe namba ya aina ya pili. Kuunganisha jina na namba katika jedwali ndiko kunakozungumziwa katika makala haya.

5. Njia mbili za kulijaza jedwali

Jedwali hilo hujazwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya ruta kuuliza yenyewe. Katika mitandao ya kawaida ya ofisini mashine huijua anwani ya mtandao ya mwenziwe na kuuliza: 'Ni nani mwenye anwani hii?' Utaratibu huo uliwekwa katika waraka namba 826 wa mwaka 1982. Katika fremu-rilei mambo huwa kinyume. Mitambo ya kampuni ya simu hukwisha kuijulisha ruta kuwa mkondo namba 301 upo na ni mzima. Kisichojulikana ni nani aliye upande wa pili. Kwa hiyo ruta huuliza kupitia mkondo huo: 'Wewe uliye mwisho wa mkondo huu, anwani yako ni ipi?' Jibu likija, mstari huandikwa katika jedwali. Utaratibu huo wa kuuliza kinyume ulielezwa katika waraka namba 1293 wa mwaka 1992, ambao nafasi yake ilichukuliwa na namba 2390 mwaka 1998.

Njia ya pili ni ya fundi kuandika mstari huo kwa mkono. Katika ruta za Cisco, amri yake huwa kama hii:

frame-relay map ip 10.1.1.1 301 broadcast

Amri hiyo ni sentensi, na yaweza kuchanganuliwa kama sentensi. Neno la kwanza hutaja mfumo. La pili ni kitenzi, nalo ndilo lenye utata uliotajwa mwanzoni. La tatu hutaja aina ya anwani. Kisha huja yambwa mbili: anwani ya mbali, na namba ya mkondo wa karibu. Mpangilio wa yambwa hizo haubadiliki, nao una mantiki yake: ya mbali hutangulia, ya karibu hufuata. Katika Kiswahili maana yake ni, 'Anwani 10.1.1.1 ifikie kwa mkondo 301.' Kiambishi cha kutendea katika kitenzi fikia hubeba uhusiano ambao amri ya Kiingereza huuacha usemwe na mpangilio wa maneno peke yake.

Neno la mwisho linahitaji maelezo. Redio kama taar ni chombo cha mwito wa jumla: anayesema husikiwa na wote walio katika masafa hayo, apende asipende. Mikondo ya fremu-rilei haina tabia hiyo, kwani kinachotiwa katika mkondo mmoja hufika mahali pamoja. Lakini ruta zinazo desturi ya kupashana habari za njia kwa mwito wa jumla au wa kundi. Neno hilo la mwisho huiruhusu ruta kunakili mwito wa namna hiyo na kuutia katika mkondo unaotajwa, kana kwamba mpiga mbiu aliyekatazwa kupiga mbiu sokoni amepewa ruhusa ya kupita nyumba kwa nyumba. Likisahauliwa, ujumbe wa kawaida huendelea kupita, lakini ruta mbili zinazotegemea mwito huo hushindwa kujuana njia, na fundi huweza kutafuta kosa kwa muda mrefu kwa kuwa mkondo wenyewe ni mzima.

6. Kitovu na matawi

Mfano ufuatao ni wa darasani. Chukua ofisi tatu: Nairobi yenye anwani 10.1.1.1, Garissa yenye 10.1.1.2, na Hagadera yenye 10.1.1.3. Ili kupunguza gharama, Garissa ina mkondo mmoja kwenda Nairobi, na Hagadera ina mkondo mmoja kwenda Nairobi. Hapana mkondo kati ya Garissa na Hagadera, ingawa kwa barabara ndizo zilizo karibu. Nairobi huiita mikondo hiyo 102 na 103. Garissa huuita wake 201, na Hagadera huuita wake 301.

Ruta ya Hagadera ikiuliza kwa njia ya kwanza, itajibiwa na Nairobi peke yake, kwa kuwa swali hilo halivuki mwisho wa mkondo. Jedwali lake litakuwa na mstari mmoja. Ujumbe wa kwenda Garissa ukifika, ruta itautazama, itaona kuwa anwani ni ya mtandao wake yenyewe, itaitafuta katika jedwali, haitaiona, na itautupa. Garissa ipo, Nairobi ipo, na njia ya kupitia Nairobi ni nzima. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi.

Dawa yake ni fundi kuandika kwa mkono huko Hagadera kwamba 10.1.1.2 nayo hufikiwa kwa mkondo 301. Namba hiyo ni ile ile ya Nairobi, na wanafunzi wengi hushangaa anwani mbili kupewa mkondo mmoja. Haishangazi kwa mtu aliyetumia taar. Mwendeshaji wa Hagadera aliyempata jamaa wa mtu kwa kupitia mwendeshaji wa mji wa tatu alijua kwamba kwake yeye watu wawili wa miji miwili wana njia moja. Hapo ndipo wazo la ramani linapomwangusha mwanafunzi kabisa, maana katika ramani Garissa na Nairobi haziwezi kuwa mahali pamoja. Katika jedwali la Hagadera ziko mahali pamoja.

Kisha kuna kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Fundi aliyeona kuwa mstari wa Nairobi umekwisha jiandika wenyewe huuacha, akaandika kwa mkono ule wa Garissa tu. Kila kitu hufanya kazi naye huenda zake. Lakini katika ruta hizo, mkondo ukishaandikiwa mstari kwa mkono, kwa aina hiyo ya anwani ruta huacha kuuliza katika mkondo huo. Mstari wa Nairobi uliopatikana kwa kuuliza hubaki hapo mpaka siku ambayo mashine itazimika. Umeme ukirudi, ruta huusoma mstari wa Garissa ulioandikwa, haiulizi kitu, na Nairobi hutoweka katika jedwali. Mahali panapotegemea umeme wa jenereta, siku hiyo haiko mbali. Kanuni yake ni nyepesi: katika mkondo ulioandikiwa kwa mkono, kila anwani iandikwe kwa mkono, ya kitovu na ya tawi pia, na neno la mwito wa jumla liwekwe kwa kitovu tu ili mwito usitiwe mara mbili katika mkondo mmoja.

Iko pia njia ya kuiepuka kazi yote hii, nayo ni kuugawa mlango wa ruta katika vijilango, kila kijilango kikiwa na mkondo mmoja na mwenzi mmoja. Hapo jedwali halihitajiki, kwa sababu pasipo na uchaguzi hapana haja ya kuoanisha.

7. Suala la istilahi

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi ya kitenzi hiki. La kwanza ni lile la ramani, ambalo limekwisha kukataliwa hapo juu kwa hoja ya maana. Hata hivyo yafaa kulitendea haki. Asili yake ni rahnama ya Kiajemi, 'kionyesha njia', jina la vitabu vya manahodha wa Bahari ya Hindi, na ndani ya vitabu hivyo mlikuwa na maelezo ya safari zaidi kuliko michoro. Lau maana hiyo ya zamani ingalikuwa hai, ramani ingalifaa. Lakini leo msemaji wa Kiswahili akisikia ramani huona karatasi yenye mchoro wa nchi au wa nyumba, na istilahi haina budi kujengwa juu ya maana iliyomo vichwani mwa watu.

La pili ni kulinganisha. Neno hili hubeba wazo la kupima vitu viwili ili kuona vinavyofanana na vinavyotofautiana. Anwani na mkondo havifanani kwa lolote, wala havipimwi.

La tatu ni kuoanisha. Mnyambuliko wake ni oa, oana, oanisha. Hutumika kwa viatu na soksi, kwa rangi za nguo, na kwa maswali ya mtihani yenye safu mbili ambapo mwanafunzi hutakiwa kuoanisha cha kushoto na cha kulia. Matumizi haya ya mwisho yanaafikiana kabisa na jedwali la ruta, na kila aliyepita shule ya msingi anayafahamu. Kwa sababu hiyo makala haya yametumia uoanishaji tangu kichwa chake.

Walakini neno hilo nalo lina hatari yake, na ni ya kisarufi. Kiambishi -an- ni cha kutendana, nacho huleta dhana ya usawa: A akioana na B, B naye ameoana na A. Jedwali la ruta halina usawa huo. Mstari ulioandikwa Hagadera hauandiki chochote Garissa. Ujumbe wa Hagadera waweza kufika Garissa na jibu likakosa njia ya kurudi, kwa kuwa fundi wa Garissa hakuandika mstari wake. Kwa hiyo mwalimu atumiapo kuoanisha aseme daima upande: 'Oanisha katika ruta ya Hagadera', kisha 'Oanisha katika ruta ya Garissa'. Kasoro ya neno itafidiwa na ukamilifu wa sentensi.

Kwa jina la mfumo mzima, upokezanaji wa fremu ni pendekezo linalofaa kufikiriwa. Wanamichezo wamekwisha kuzoea mbio za kupokezana vijiti, ambamo mkimbiaji humkabidhi mwenziwe kile alichopewa bila ya kukifungua wala kukikagua. Mitambo ya mfumo huu hufanya vivyo hivyo: hupokea, husoma namba ya mkondo, hukabidhi, fremu iliyoharibika hutupwa, na kazi ya kuomba irudiwe huachiwa wale walio kwenye ncha mbili. Neno fremu lenyewe lishughulikiwe kwa hadhari, kwani limekwisha kuingia katika Kiswahili kwa maana ya mbao za mlango na za picha, na mijini kwa maana ya chumba cha duka.

Kwa ile sehemu ya ruta ambamo waya huchomekwa, waandishi wengine wangependa kiolesura. Neno hilo limeenea kwa maana ya sura ya programu ambayo mtumiaji huiona katika kioo. Kwa tundu la waya, neno mlango lina faida ya kueleweka na wote, nalo huzaa kijilango bila ya taabu.

8. Gharama ya mstari mbovu

Msomaji aweza kuuliza kama kweli kuna haja ya wanaisimu kujisumbua kwa jedwali la mashine iliyokwisha kustaafu. Jibu limo katika historia ya Hagadera yenyewe baada ya taar.

Tarehe 7 Novemba 2001 serikali ya Marekani iliifungia Al-Barakaat, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi ya xawilaad na ya simu. Mwezi wa Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya kupeleka fedha, na leseni hizo zikarudishwa mwezi wa Juni. Katika nyakati hizo jamaa waliokuwa ng'ambo walijua jina la mtu wao na kitalu chake kama siku zote. Anwani haikubadilika, mkondo ndio uliokatika. Ilibidi kila familia kuandika upya mstari wake: mtu yule yule, kwa njia nyingine.

Mwaka 2012 mashirika ya misaada yalikuwa na mtandao wa redio za kasi kubwa huko Dadaab, uliojengwa na Inveneo na NetHope kwa kushirikiana na Cisco na kwa msaada wa USAID. Simu ya mkononi nayo ilikuwa imekwisha kufika kwa watu wa kawaida, na huduma ya M-Pesa iliyoanzishwa Kenya mwezi wa Machi 2007 ilifanya namba ya simu kuwa anwani ya fedha. Tofauti yake na kitalu ni kwamba namba hiyo humfuata mtu aendako.

Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta Dadaab utaratibu wa Bamba Chakula, ambao ulikuwa umeanza Kakuma mwaka uliotangulia. Sehemu ya posho ya chakula ilitumwa kama fedha za kununulia chakula madukani, kupitia laini ya simu iliyotolewa kwa kila kaya. Bamba hapa ni neno la mitaani, 'pata' au 'nasa', si bamba la chuma. Kwa utaratibu huo kadi ya posho ya kaya ilioanishwa na laini ya simu, mstari mmoja kwa kila kaya.

Mstari wa namna hiyo una tabia ile ile ya mstari ulioandikwa kwa mkono katika ruta. Namba ikioanishwa na kadi isiyokuwa yake, mashine hailalamiki, kwani kwake mstari huo ni sahihi kama mwingine wowote. Itatuma, na itaandika kuwa imetuma. Anayejua kuwa kuna kosa ni yule mama aliyesimama dukani na laini isiyo na kitu, naye hawezi kulisahihisha mpaka aweze kulieleza. Ili alieleze anahitaji lugha ambayo karani ataielewa. Akisema 'Chakula changu hakikuja', atajibiwa kuwa kilitumwa, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Akisema 'Kadi yangu imeoanishwa na laini ya mtu mwingine', ametaja kosa lenyewe na mahali lilipo, na karani anajua mstari upi wa kuufungua. Hagadera, ambako lugha ya nyumbani ni Kisomali kwa walio wengi, Kiswahili hujifunzwa shuleni kwa mtaala wa Kenya. Mtoto aliyejifunza shuleni neno lililo sahihi ndiye atakayemsemea mama yake mbele ya meza ya karani.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba kazi iitwayo kwa Kiingereza kwa jina la ramani ni kazi ya kuunganisha, katika jedwali, jina lijulikanalo na wote na namba ijulikanayo mahali pamoja. Kwamba jedwali hilo hujazwa ama kwa kuuliza ama kwa kuandika, na kuchanganya njia hizo mbili katika mkondo mmoja huficha kosa mpaka umeme ukatike. Na kwamba anwani mbili zaweza kwa haki kuwa na mkondo mmoja. Imependekezwa kuwa kitenzi kuoanisha kitumike, kwa sharti la kutaja upande. Na kuwa upokezanaji wa fremu, mkondo, mlango na mwito wa jumla yafikiriwe kwa dhana zilizobaki.

Mapendekezo haya yatahitaji kujaribiwa darasani na walimu wa ufundi kabla ya kuingizwa katika orodha yoyote ya istilahi. Ingefaa pia wachunguzi wa lugha wakusanye, kabla ya waendeshaji wa taar wa miaka ya 1990 kwisha, maneno waliyoyatumia kwa masafa, kwa miadi, kwa mjumbe na kwa mtu asiyepatikana. Maneno hayo yaliundwa na watu waliokuwa na kazi ya kufanya na wasiokuwa na kamusi mbele yao, na huenda mengine yakafaa kuazimwa na Kiswahili kama yalivyo.